Utabiri wa Saa Tisa na Nusu

Karibuni. Mliochelewa simameni nyuma ya pipa.
Mbio za tatu, viunzi kumi na saba,
ardhi imelowa. Nasema imelowa: kule kwao
mvua imepiga wiki nzima, hata mpiga picha kavaa mabuti,
na sisi hapa Newala dumu la maji limefika elfu moja.
Basi. Tusililie maji ya watu.

Naanza na namba moja, yule wa kijivu,
kijivu cha majivu ya mkorosho uliokufa kwa ugonjwa.
Wenye mashine wanamwamini: ukiweka elfu
unarudishiwa elfu yako na shukrani.
Lakini mtazameni anavyozungushwa, shingo inatiririka jasho
na kipenga hakijalia. Huyo ameshakimbia, kakimbilia moyoni.
Nilifundisha mtoto wa namna hiyo.
Usiku wa kuamkia mashindano hakulala,
asubuhi akatapika uji.
Simpi hata mia.

Namba mbili mzito. Anaruka kama mtu apandaye lori la mbaazi:
mguu mmoja, anafikiri, ndipo wa pili.
Atafika. Atafika Jumatatu.

Namba nne mnampendea rangi, najua. Mchopa, wewe hasa.
Umemwona juzi akishinda, ila palikuwa pakavu,
na leo, Mchopa, nimesema nini kuhusu ardhi?
Pesa hiyo ni ya mnada wa pili, bado inanuka salfa,
mkeo kainama miezi miwili akiiokota.
Igawe. Nusu iende kwenye bati,
nusu ndiyo uje nayo hapa tupotee wote.

Mnaniuliza nimewajulia wapi farasi.
Sijamgusa hata mmoja. Nijuacho mimi ni viunzi.
Miaka ishirini na sita nimefunga fito za mianzi kwa katani
kwenye ule mchanga mwekundu wa shule,
nikasimama pembeni, natazama goti.
Siyo kasi. Goti.
Na macho: mrukaji haangalii kiunzi,
anaangalia pale atakapotua.

Kwa hiyo, namba saba.
Mdogo, masikio yamelala, hana shabiki,
kumi na nne kwa moja.
Oneni hatua zake tatu za mwisho: anafupisha, anafupisha,
anajikunja kama mwenye kuficha kitu tumboni,
halafu hayupo, yuko ng'ambo.
Asumini Chitanda alikuwa hivyo hivyo.
Tulimpeleka Mtwara mjini kwenye mashindano ya mkoa,
akawaacha wote, peku,
na karatasi yenye namba yake ikachomoka kifuani njiani.
Waamuzi wakaandika: hakuwapo.
Nilikuwa na pini mfukoni siku ile. Pini nne.

Wekeni saba. Mimi nimeweka.

          *

Msinitazame hivyo.
Kiunzi cha tisa, mmeona wenyewe, aliyeanguka ni mpandaji.
Saba hakugusa hata jani.
Akaendelea peke yake, hatamu zinapigapiga,
akaruka cha kumi, cha kumi na moja, vyote, vyote,
nani kamwambia aruke? Njia ya kuzunguka ilikuwa wazi!
Akavuka mstari mbele ya kila mwenye mtu mgongoni.
Mashine inasema hahesabiwi.

Kashinda namba mbili. Amefika, na leo ni Jumamosi.
Chekeni, ni haki yenu.
Mchopa, chana taratibu, vipande tupia kwenye ndoo,
binti wa Likumbage kafagia sasa hivi.

Lakini kabla hawajabadilisha picha, angalieni pale pembeni,
nyuma ya wale wanaomvisha shada namba mbili:
saba bado anatembea, tope mpaka masikioni,
hakuna aliyemshika,
na anageuza kichwa huku na huku
kama anayetafuta kiunzi kingine.

Haya. Mbio za nne saa kumi.
Sogezeni benchi, jua linanipiga.