Kuuza, Kuuliza

Kidato cha tatu, baada ya adhuhuri, chaki imelowa jasho.
Nachora ubaoni mabano mawili marefu,
katikati natia nambari, safu za kulala, safu za kusimama.
Hii, nawaambia, ndiyo matriksi.
Nyanje auliza: kama ukuta wa zidaka?
Darasa lacheka. Mimi sicheki.

Ukuta wa mama, kule Mkomani, ulikuwa na safu nne:
kidaka cha buli, kidaka cha msahafu,
cha marashi, cha ufunguo,
na kimoja kitupu daima.
Kiacheni, akisema, nacho kina kazi yake.
Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua
sifuri nayo hushika mahali.

Aliyeyatungia mabano haya kanuni zake
alikuwa Mwingereza wa karne ya kumi na tisa, wakili.
Mchana akiandika hati za mashamba ya watu,
usiku akizizidisha safu kwa safu
kana kwamba kila ukuta ni nambari moja,
hata akaliona lile ambalo mwenye duka hatalikubali:
A mara B huenda isiwe B mara A.

Mwalimu, lakini tatu mara tano ni tano mara tatu!
Ndiyo, Nyanje. Sasa tawadha, kisha usali.
Haya, sali, kisha utawadhe.
Wakanyamaza.

Mfano wangu wa pili sikuwapa.
Kaka yangu Shekuwe aliuza, kisha akauliza.
Angeuliza, kisha akauza?
Baina ya uza na uliza
pana silabi moja tu, *li*,
na nyumba nzima.

Yule wakili alidai pia
kwamba kila matriksi huutimiza mlinganyo wake yenyewe.
Alijaribu ya mbili kwa mbili, ikakubali.
Ya tatu kwa tatu, ikakubali.
Ya nne na kuendelea, hakuona haja ya kuhangaika.
Na alipatia! Hilo ndilo linaloniudhi.
Maana Shekuwe naye alimwuliza Zuena, akakubali,
akamwuliza Mwanaate, akakubali,
akajiuliza mwenyewe, akakubali upesi zaidi.
Wa nne hakuona haja.

Ijumaa nilipita. Dirisha lilikuwa wazi.
Mwenyewe mpya ametia taa ya umeme kila kidaka,
hata kile.

Mwalimu, kila matriksi ina kinyume chake,
cha kuirudisha ilikotoka?
Andika: mbili, nne; chini yake tatu, sita.
Zidisha mshazari huu, toa mshazari ule.
Kumi na mbili, toa kumi na mbili.
Nyanje amaliza wa kwanza, kama kawaida.
Sifuri, mwalimu.
Basi?
Basi hairudi.

Kengele. Nafuta ubao, nakung'uta mikono.
Mkobani, ufunguo wa Mkomani
wagongana na vipande vya chaki.