Ngoma Yataka Moto

Baridi ya leo, asema Delphine, ni ya kupasua misumari.
Tumewasha jiko la kuni ndani ya ukumbi wa kanisa,
ukumbi unaonuka kabichi za harusi ya Jumamosi,
na tayari tumeanza kugombana.

Ngoma yake, ngozi ya kulungu, yataka moto:
baridi imeilegeza,
ukiigonga yatoa sauti ya unga uliokandwa.
Tsimbali yangu moto haiutaki.
Joto likizigusa nyuzi zinashuka, zinanuna,
kila uzi na kununa kwake.
"Lisogeze jiko huku."
"Lisogeze wewe, una mikono."
Wanawake wa miaka sitini na ushei,
theluji imefika madirishani, Saskatchewan nzima imelala,
nasi twavutana jiko.

Kitini, katikati yetu, leso.
Nyeusi, mawaridi mekundu, upande mmoja matamvua yameliwa na panya.
Mimi nilifundishwa kuiita khustka.
Kwao ni leso ya kokum, leso ya bibi,
na yeyote kati yetu akiivaa
mwingine husema: umefanana na wa kwetu.

Paraska, mama wa bibi yangu, alishuka garimoshi
na mbegu za alizeti zilizoshonewa kwenye pindo
na tumbo la miezi minane.
Walipewa ekari mia na sitini kwa dola kumi.
Hawakuambiwa juzi zilikuwa za nani.
Hawakuuliza.
Wakachimba shimo, wakaliezeka kwa udongo wenye nyasi,
wakaliita nyumba.

Uchungu ulimshika Februari, mume yuko kwenye kazi ya reli.
Aliyeinama mlangoni alikuwa Mkrii,
kwa ubatizo Eulalie;
jina lake la kweli karani hakujisumbua kuliandika.
Alihitaji kibali cha serikali
kutoka nje ya eneo walilotengewa.
Alitoka bila kibali,
begani mfuko wa kuvumwani kavu ya kumlaza mtoto.
Hawakuwa na neno hata moja la pamoja,
ila kuguna.
Na kuguna, asema Delphine, ndiko lugha mama ya wakunga.

Kulipokucha Paraska alitazama shimo zima
akakosa cha kulipa.
Akavua kilichokuwa kichwani.

Hapa ndipo watu hutaka tuanze kucheza.
Wanapenda hadithi iishie kwenye leso.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja, Delphine. Mwenyeji hakupona.
Watoto wa Eulalie walichukuliwa na gari la shule
wakanyolewa, wakachapwa kila neno la mama yao.
Wa Paraska nao walichapwa kwa Kiukreni chao,
lakini jioni walirudi nyumbani
wakakuta supu.
Tofauti hiyo siwezi kuipigia muziki.

"Basi usiipigie," asema, huku anaizungusha ngoma
juu ya jiko kama mtu anayebanika mkate.
"Iachie nafasi. Mapigo manne, baada ya ubeti wa tatu.
Mimi sipigi, wewe hupigi.
Atakayekohoa, akohoe."

Nikaandika kwa penseli: nne, kimya.

Mjukuu wake ameingia na theluji begani,
leso mpya shingoni, lebo bado inaning'inia,
anauliza kuna chai au tunagombana tu.
Vyote viwili, tukamjibu.

Kisha bila kupatana nikaigonga sauti ya kati,
naye akaigonga ngozi.
Ngoma ilikuwa inapanda, nyuzi zangu zinashuka,
na mahali fulani njiani
zilikuwa zimekutana,
kwenye sauti ambayo sikuikaza
wala yeye hakuipasha.
Kijana akasimama na birika mkononi.

Nilinyoosha mkono nisogeze kuni.

"Orysia," akasema Delphine, taratibu sana,
"usiliguse hilo jiko."