Nafsi ya Kwanza, Umoja

Fomu yaniuliza, ukurasa wa nne:
"Eleza uzoefu wako wa kusimamia watu na mali.
Maneno mia tano. Tumia nafsi ya kwanza, umoja."

Niliandika: Tulihesabu vitabu vyote mwezi wa Rajabu.
Mlezi wangu wa Nairobi ameurudisha ukurasa,
kila "tu" ameitia duara jekundu,
na pembeni: Somoe, wewe ulifanya nini?

Swali la haki.
Na mimi, miaka tisa juu ya kiti hiki
chenye mguu uliofungwa kwa kamba ya katani,
sina jibu la upesi.

Basi nijaribu.
Nilihesabu vitabu vyote mwezi wa Rajabu.
Uongo. Mimi nilishika kalamu.
Aliyepanda ngazi ni Bwanaheri,
akinadi namba kama dalali,
hata alipofika mia nane ishirini na tatu
akanyamaza, akaingiza kichwa rafuni:
"Bi Somoe, hiki mchwa washakiazima.
Wamerudisha jalada."

Nilidhibiti unyevu.
Kwa mabeseni manne na gunia la makaa.

Nilibuni mfumo wa kufuatilia vitabu vilivyochelewa.
Nilimtuma mjukuu wa Bi Rukiya
mlango kwa mlango, Langoni mpaka Mkomani.
Akaja na vitabu kumi na saba,
sahani ya vitumbua,
na kitabu kimoja ambacho si chetu
na mwenyewe hadi leo hajajulikana.

Nilisimamia bajeti.
Balbu au gundi? Nikanunua gundi.
Tukasoma mchana.
(Hiyo "tu" nitaifuta baadaye.)

"Taja idadi ya wafanyakazi walio chini yako."
Chini yangu mna karakana ya fundi seremala,
randa haikomi tangu asubuhi.
Mfanyakazi ninaye mmoja,
na saa nyingi yuko juu, kwenye ngazi.

"Eleza hali ngumu uliyoitatua."

Hapa kalamu imesimama.

Mwaka juzi Bwanaheri alianza kuchelewa.
Saa tatu, saa nne, siku nyengine adhuhuri,
na watoto wa chuoni wamejipanga vidatuni
wakipiga komeo kama ngoma.
Nikamwandikia onyo. Nakala mbili, mhuri.
Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote,
akaomba kalamu.
"Hapa umeandika kuchelea, Bi.
Ilikuwa iwe kuchelewa."
Akarekebisha. Kisha, bila kuinua uso:
"Lakini na hilo la kwanza ni kweli."

Ndipo nikajua habari ya mamake,
ambaye kila alfajiri hujitanda buibui
aende nyumba aliyozaliwa,
iliyouzwa, iliyobomolewa, iliyojengwa upya na wageni,
na mwanawe humfuata nyuma, kichochoro kwa kichochoro,
mpaka miguu yake ichoke kabla ya moyo.
"Ndia ni moya," aliniambia,
"lakini yeye kula siku huiona mpya."

Nilichana nakala yangu. Yake sijui aliifanyaje.
Kesho yake nikabandika tangazo mlangoni:
tutafungua baada ya adhuhuri, hadi isha.
Kamati ikaniita. Nikasema wasomaji wataongezeka jioni.
Nilisema tu, nisitajwe mtu.

Wakaongezeka. Makuli wa gatini wakaja,
na wanawake waliokwisha kupika,
na kijana mmoja wa Matondoni
aliyesoma kamusi kuanzia A
na mwezi uliopita alikuwa amefika K.
Kwenye fomu nimeandika: Nilitabiri mahitaji ya jamii.
Mungu anisamehe hilo "ni".

Usiku huu nimehesabu:
maneno mia nne tisini na sita.
Manne yamebaki, na nafasi ndogo mwisho wa mstari.
Nimekaa nayo muda mrefu
kuliko nilivyokaa na mia zote zile.

Bwanaheri alipanda, mimi nikaandika.

Kisha nimekwenda kumwaga mabeseni.