Boriti ya Chumba cha Nne

Mchwa hawapigi hodi.
Walipita chini ya msingi,
wakapanda ndani ya ukuta wa tofali
alizofyatua marehemu likizo ya mwaka themanini na tatu,
wakafika juu, kwenye kenchi,
wakala mbao, wakaacha rangi.

Ukitazama kutoka barabarani, nyumba nzima.
Isevya yote inaniita Mama Mwenye Nyumba.
Jina tamu hilo. Halina risiti.

Fundi Mlekwa alipanda ngazi, akagonga kwa kidole:
to, to, halafu pu,
kama mtu anayegonga mkate.
Akashuka, akaomba maji, akayamaliza kabla ya kusema:
"Mama, hili paa limesimama kwa mazoea."

Methali ya ufa naijua.
Niliifundisha darasa la tano miaka kumi na minane,
chaki mkononi, sauti juu.
Haisemi mfuko wa saruji ni bei gani.

Usiku nikafungua daftari.
Vyumba vitano, elfu arobaini arobaini,
laki mbili kwa mwezi wakilipa wote,
na lini wamelipa wote?
Fundi kaandika milioni nne na laki saba,
mwandiko mzuri, umenyooka.
Nikagawa. Nikagawa tena, labda nimekosea.
Miezi ishirini na tatu na nusu.
Ile nusu ndiyo iliyoniliza.

Asubuhi nikabisha chumba cha nne,
kwa Luhende, mlinzi wa ghala la tumbaku.
Nilikwenda kudai miezi miwili.
Ndani, katikati ya chumba, limesimama gogo,
juu limekaza boriti,
chini limewekewa tofali na kipande cha ndala lisiteleze.
Upande huu kitanda. Upande ule mkeka wa mtoto.
Na gogo limelainika, linang'aa, usawa wa bega la Sungwa:
hapo hushika akienda kunywa maji gizani.

"Tangu lini?"
"Mvua za mwaka juzi."
"Mbona hukusema?"
Akatazama miguu yake.
"Ningesema, ungesema tuhame tupishe mafundi.
Tukirudi, kodi ingekuwa ya watu wengine."

Sikumjibu.
Nami nilikuwa na kimya changu:
kila kiangazi nilisikia kitu kikitafuna juu,
nikaongeza sauti ya redio.

Niliuza mizinga thelathini na mmoja kule Sikonge,
nyuki wakiwemo.
Mnunuzi alihesabu mizinga tu.
Kikoba cha Alhamisi kikanikopesha,
wanawake kumi na watano wakinitazama usoni, mmoja mmoja.
Mwanangu wa Mwanza akatuma laki moja
na ushauri mwingi.

Hakuhama mtu.
Wiki tatu za Oktoba tulilala uani,
Veneranda anayesomea uuguzi
akafunga chandarua chake kwenye kamba ya nguo.
Luhende akitoka lindo anakoroga zege
kabla hajavua koti.
Nikamfutia mwezi mmoja.
Ule wa pili alilipa, noti za mia tano tano,
tukazihesabu wote wawili bila kuangaliana.

Mabati mapya yaliishia chumba cha tano.
Cha sita ni changu.
Mlekwa akanirudishia yale ya zamani,
akaziba matundu ya misumari kwa lami,
akasema, "Hiki mwakani, mama."
Nilicheka. Neno hilo nimeishi nalo.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, bila radi.
Vyumba vitano vikanguruma bati jipya.
Changu kikahesabu polepole ndani ya sufuria.

Asubuhi Luhende kaniambia
mtoto aliamka kwenda kunywa maji,
akanyoosha mkono gizani, hakukuta kitu,
akasimama palepale mpaka wakawasha taa.

Gogo liko kwangu sasa, chini ya boriti yangu.
Nikiamka kumwaga sufuria
nalishika pale palipolainika.
Inanibidi niiname kidogo.