Safu ya Urefu

Ubao wangu una misumari miwili.
Wa kwanza uko sentimeta hamsini,
wa pili themanini na tano.
Samaki akiishia kabla ya wa kwanza, huyo ni mtoto wa mtu.
Akipita wa pili, huyo ni mama wa watu.
Aliyelala katikati ndiye wa kuelewana bei.

Mimi Nkwimba, mnunuzi wa mabondo, mwalo wa Kayenze.
Bondo: kifuko cha hewa,
kilichomwelesha sangara bila yeye kujua.
Kikikauka kinapata rangi ya kucha za bibi,
kisha kinapanda ndege.
Mimi sijapanda.
Huko kinakoshukia, nasikia, hupikwa supu ya arusi,
na mkwe asiyeandaliwa hununa.
Huku mnofu unakwenda kiwandani,
mapanki yanakwenda kwa sisi wengine,
na bondo, ambalo kazi yake ilikuwa kushika pumzi tu,
lina bei kumshinda aliyelibeba.

Wenzangu hununua kwa ndoo.
Ndoo haiulizwi.
Mimi nilisema: bondo nisilomwona samaki wake, silinunui.
Mwalo mzima ulicheka.
"Nkwimba anataka wazazi wa bondo waje na posa!"
Basi na waje.

Daftari langu:
Jumanne. Mtumbwi Mungu Hasinzii. Sitini na mbili. Nje ya Kome.
Jumatano. Mtumbwi Deni Nalo Huogelea. Hamsini na tano, hamsini na moja.
Alhamisi. Hakuna. Mawimbi.

Bwana wa oda alilipiga picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa,
hata ule wa deni la sukari.
Akasema siku hizi wateja wanataka kujua mzigo umetoka wapi.
Nilitaka kumwambia:
umetoka kwenye baridi ya saa tisa usiku,
umetoka alikobaki Masunga, mwezi wa tatu,
na koti lake la mvua likarudi peke yake.
Nikasema: "Nje ya Kome."
Akaandika.

Nami wakati mwingine najicheka.
Huyu ninayemlinda kwa misumari
alikuja ziwani mgeni.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu tulimpa maji yote.
Akawala furu, wale wa bluu, wale wenye tumbo la moto,
ambao bibi aliwaita kwa rangi
kwa kuwa walikuwa wengi mno kupewa majina.
Leo mlaji naye anapimwa asije akaisha.

Ijumaa alikuja Lubango, kaka yangu, tumbo moja,
ndoo imefunikwa kanga.
"Dada, funga jicho moja."
Nikafunua.
Mabondo membamba kama masikio ya watoto,
mia mbili na ushee,
mia mbili ambao hawakuwahi kutaga.
"Samaki wako wapi?"
"Tumekula."
"Wote?"
Akatazama injini yake ya mkopo, pale mchangani.
Binti yake Sado alikuwa amelaza mkono kwenye ubao wangu,
kiwiko mwanzoni, vidole vimenyooka.
"Shangazi, nimefika?"
"Hujafika."
Lubango alilisikia neno hilo kama lake.

Akaenda meza ya tatu.
Chai yangu haijapoa, alikuwa ameshalipwa.

Leo nimeanika mabondo manane.
Yanatikisika kwenye waya, mepesi,
utadhani bado kuna mtu ndani anayevuta hewa.
Ada ya shule ni Jumatatu.

Usiku simu ikalia: shilingi elfu kumi, kutoka kwa Lubango.
Ujumbe wake neno moja, sukari.
Sijaitoa. Sijairudisha.
Nimefungua daftari, nimeandika:
Ijumaa. Lubango. Kome. Elfu kumi.
Safu ya urefu
nimeiacha wazi.