Nusu Dola ya Maksai

Kiswahili hakikunisaidia kujitetea.
Nilipomwambia mke wangu, "Nimenunua fedha,"
akauliza, "Umenunua fedha kwa fedha gani?"
na swali hilo hadi leo limelala kati yetu kama paka.

Mimi ni fundi saa, Barabara ya Luthuli, ghorofa ya pili,
juu ya duka la spika zinazonguruma mchana kutwa.
Lenzi imenichimbia duara kwenye jicho la kulia.
Kwa jicho hilo husoma nusu dola za Marekani,
zile za ukumbusho, zilizopigwa zamani
ili mji fulani usherehekee miaka yake mia,
ili daraja lizinduliwe,
ili vita fulani visisahaulike.
Sherehe zilikwisha. Waalikwa wamekufa.
Kadi ya mwaliko ndiyo iliyofika Nairobi.

Hii niliipata Ngara, kwa sonara Ramniklal,
ndani ya bakuli la vikuku vilivyovunjika
na vijiko vya Wazungu waliorudi kwao,
ikingoja moto.
"Gramu kumi na mbili na nusu," akasema. "Bei ya mizani."
Nikaidondosha juu ya kioo cha kaunta:
ting'! Sauti ndefu, isiyo na haraka,
kama mtu anayejua kwamba atasikilizwa.
Nikalipa. Mkono ulitetemeka,
na kutetemeka ni mwiko kwa fundi saa.

Upande mmoja, maksai wawili
wanavuta gari la turubai kuelekea jua linalozama.
Upande wa pili, mwenyeji amesimama juu ya ramani,
upinde mkono huu, blanketi begani,
mkono ule ameunyosha.

Na rangi! Miaka themanini ilikuwa imeipaka
zambarau ukingoni, kisha buluu ya shingo ya njiwa,
kisha manjano ya chai iliyosahauliwa.
Rangi hiyo hainunuliwi. Inangojwa.
Sisi wakusanyaji tuna amri moja: usisugue.

Mama alikuja kutoka Moiben kutibiwa macho.
Nikamwachia nyumba, redio, na chupa ya chai.
Jioni nikaikuta mezani, iking'aa kama sufuria ya harusi.
Majivu na limau. Asubuhi nzima.
"Ulikuwa umeiweka na uchafu wake," akasema,
"na mimi nilitaka kuwaona vizuri hawa watu."

Nilimeza mate. Sikusema neno.
Akaisogeza karibu na pua,
akawapapasa maksai kwa ukucha.
"Hawa nawajua. Bibi yako aliwaona wakipanda nyanda zetu,
gari baada ya gari, magurudumu yamezama matopeni.
Alihesabu mpaka akaishiwa na vidole."
Akaigeuza. "Na huyu anawaambia nini?"
Nikamwambia hatujui kwa hakika,
wengine husema anakaribisha, wengine anazuia.
Mama akacheka kwa pua.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Muulize kama alipona."

Sasa iko kwenye albamu, ukurasa wa nne.
Bei yake imerudi kuwa ile ya mizani.
Chini yake nimeandika kwa penseli:
*Ilisuguliwa. Jumanne. Tapkigen, kwa jicho moja.*

Lakini juzi, lenzi ikiwa jichoni,
nimeona kitu ukingoni, chembamba kama kope:
wingu la manjano.
Moshi wa dizeli unaopanda kutoka barabarani,
baridi ya Julai, jiko la jirani,
vitunguu vyetu wenyewe.
Hiyo si rangi iliyokuja nayo.

Mke wangu ameuliza mbona albamu iko wazi
karibu na kikaangio.
Nimemwambia ninangoja.