Upande wa Chini wa Jiwe

Mwanao anataka pua iliyonyooka.
Amemtuma mtawa na kamba ya kipimo:
urefu wa mfalme, kisigino hadi utosi,
na shubiri nzima imeongezwa.
Orti, mimi nilikuona ukipanda farasi.
Ulihitaji gogo la kukanyagia, kama sisi wote.

Nakuchonga katika alabasta,
jiwe jororo linalokubali uongo upesi.
Pua nimeinyoosha. Nimekurudishia sikio
lililobaki kwenye theluji ya Harizabal.
Upanga nimekulaza nao kifuani,
ingawa kila mchungaji wa bonde hili anajua
ulipenda shoka, lile la kupasulia kuni,
kwa kuwa upanga, ulisema, unadai adabu.

Meno siyachongi. Wafalme hufa midomo imefumbwa.
Ningeyachonga, ningeliacha lile pengo la mbele
ulilopitishia mluzi siku ya daraja,
mluzi mmoja tu,
na wanaume wa bonde zima wakaiacha ngano imesimama,
wakakufuata mtoni na mundu zao.
Belasko, ndugu yangu, alikuwa wa nne kutoka kushoto.
Nilimjua kwa kofia ya sufu aliyofumiwa na mama.

Ulishinda. Hilo silikatai.
Waliotoka kaskazini walirudi kaskazini,
na farasi wao tuliwala hadi Kwaresima.
Kisha ukachimba kisima ngomeni,
ukashuka mwenyewe kwa kamba,
ukapanda na matope hadi ndevuni, unacheka.
Maji yake tunayanywa hata leo; yana ladha ya chuma.
Ukawafutia wajane ushuru wa chumvi.
Wajane walikuwa wengi.
Ni wewe uliyewaongeza.
Sijui mambo haya hupimwaje.
Mimi nina timazi na kamba.

Mtawa amenichorea herufi kwenye ubao.
Kusoma sijui; nafuata mikunjo yake
kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi aliyepotea.
Akanisomea, kidevu juu:

*Hapa amelala simba,
aliyevunja majumba,
jina lake twalipamba,
mlinzi wa milimani.*

Vema, nikasema, nyumba ya shangazi yangu
ni moja ya hayo majumba.
Mtawa akakohoa, akauliza kama kuna divai.

Kesho watakuja watu kumi na wawili na magogo,
waliviringishe jiwe hadi kanisani.
Usiku huu limelala ubavu juu ya majani makavu,
nami nina taa moja na patasi ndogo.
Upande wa chini, utakaogusana na giza lako,
nakata alama. Si herufi.
Mkato mmoja kwa mtu mmoja,
wachungaji wanavyohesabu kondoo kwenye fimbo.
Mia moja na kumi na saba.
Nilianza kwa hasira, nakiri.
Nilipofika wa thelathini, mkono ulikuwa unauma tu,
na wa sitini nikajikuta napiga mluzi,
mluzi wako, Orti,
nikanyamaza.

Mkato wa Belasko nimeukata kwa kina,
wa nne kutoka kushoto.
Hakuna atakayeuona ila wewe,
mwenye pua mpya, mwenye masikio mawili.
Lala chali.
Huna kazi nyingine sasa. Hesabu.